Fisi wa Pili

Kijana mmoja anayezijua kaseti za gemu za zamani kuliko ninavyowajua binamu zangu aliniomba nipige picha nyingine, safari hii ya upande wa nyuma, karibu zaidi. Tuko naye kwenye kundi la mtandaoni la watu wazima wanaokusanya michezo ya utotoni wakati wenzao wananunua viwanja. Nikapiga, nikatuma. Akaandika: "Mzee, hii sijawahi kuona nyingine. Nimeuliza Nairobi, nimeuliza Kampala. Nadhani iko moja tu."

Kila mkusanyaji huishi akiyasubiri maneno hayo. Wapo wanaozeeka bila kuambiwa. Mimi nilikaa kitandani, nikampigia kaka yangu Kulwa, ambaye anauza vipuri vya pikipiki Igoma.

"Uko mzima?" nikamwuliza kabla hata ya salamu.

"Mzima. Nani amekufa?"

"Hakuna. Huna homa? Kichwa hakigongi?"

"Doto, nina mteja," akasema, akakata.

Nikabaki na kaseti mkononi. Ni kijisanduku cha plastiki cha manjano, kinaenea kwenye kiganja, na juu yake kuna stika ya mchezaji anayepiga mpira kwa mguu ambao mchoraji alisahau kuuwekea goti. Nikainusa. Wa rika langu watanielewa: kaseti ya gemu haikuangaliwa tu, ilinuswa. Hii bado ilikuwa na harufu ya spiriti kwa mbali, na chini ya spiriti dagaa, maana kopo tulilohifadhia kaseti zetu lilikaa chini ya kitanda cha bibi, jirani na gunia lake la dagaa wa kupeleka kwa ndugu. Harufu hiyo ndiyo iliyonirudisha nyumbani kwetu Igoma, Mwanza, katika wiki ambayo nilizunguka mtaa mzima nikiomba kitu ambacho nadhani hakuna mkusanyaji mwingine aliyewahi kukiomba. Niliomba kaseti yangu isiwe ya nadra.

Nyumba yenye mapacha haina nafasi ya kitu kimoja. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiishi nasi, alisimamia jambo hilo kama hakimu. Mapacha hupewa sawa. Ukimpa mmoja shati, mpe na mwenziwe, la sivyo roho ya aliyenyimwa hukasirika na kuondoka, na mwili haukai bila roho. Kwa hiyo kila kitu kilikuja viwili viwili: kandambili za rangi moja, mapaja ya kuku, majembe madogo. Kulwa akikohoa na kunyweshwa mwarobaini, nami nilinyweshwa mwarobaini, nikiwa mzima kama ng'ombe. Hata viboko. Nimewahi kuchapwa kwa dirisha alilovunja Kulwa wakati mimi niko shuleni, na bibi akaniambia kwa upole kabisa kwamba ni kwa faida yangu.

Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliyaita hayo mambo ya kale. Lakini nilimwona siku aliyotuletea mashine ya gemu. Aliiweka mbele ya bibi kwanza, kimya, kama mtu anayepita forodhani. Bibi akaigeuza, akaikagua, akavuta nyaya. Zilipotokea padi mbili za kuchezea, moja kila upande, uso ukamfunguka.

"Hiki kimetengenezwa na mtu mwenye akili," akasema. "Kwao kuna mapacha."

Kaseti ndizo zilizokuwa tatizo, na tulilitatua kwa kuziita zote "zetu" na kuzitia kwenye kopo moja la maziwa ya unga. Tulizipata kwa kubadilishana na watoto wengine, na kubadilishana kulitaka kujua thamani, na thamani tuliipima kwa uhaba. Tulikuwa na madaraja matatu tu. Kaseti ya kila mtu. Kaseti ya wachache. Halafu ile iliyo moja tu, ambayo ukiitaja watu hupunguza sauti. Kipimo chetu kilikuwa rahisi: ukiiona mahali pengi, ni ya kila mtu; ukiiona mahali pachache, ni ya wachache; ukiiona mahali pamoja tu, ni ile moja. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimesoma hata takwimu, na sikumbuki tena kupata kipimo nilichokiamini kiasi kile.

Ya moja tu ilikuwa ya Mzee Hamisi. Alikuwa fundi redio wa barabarani, mtu wa mjini, na nyuma ya meza yake ya kazi aliweka televisheni ndogo ambapo watoto walicheza kwa zamu. Kaseti hiyo tuliiita Fisi. Kulikuwa na mnyama mwekundu mwenye masikio, ameshika taa, anatembea kwenye mapango akiokota mawe yanayong'aa. Tulikubaliana wote kwamba ni fisi. Kwa watoto wa Kisukuma, mnyama anayetembea gizani na taa hawezi kuwa mwingine, na kila mmoja wetu alikuwa ameshasikia nani huwapanda fisi usiku kwenda kwenye shughuli zao. Ilikuwa gemu tamu na ya kutisha, na Mzee Hamisi aliisifu kama mahari ya binti yake.

"Hii iko moja tu Mwanza nzima," alikuwa akisema. "Atakayeimaliza mbele ya macho yangu, nampa."

Alisema hivyo kwa sababu haikuwa imemalizwa na mtu. Niliimaliza mimi, Jumamosi moja, wakati Kulwa amefuatana na mama sokoni. Sijui nilifanyaje. Fisi aliinua taa, mawe yakamwagika kama mvua, watoto wakanibeba juu, na Mzee Hamisi, ambaye lazima ilimuuma, akaichomoa kaseti, akaipangusa kwa shati lake na kunipa.

Nilifika nyumbani nikikimbia. Bibi alikuwa uani akianika mihogo.

"Shikamoo bibi! Tazama!"

"Marahaba. Nini hicho?"

"Kaseti! Iko moja tu Mwanza nzima!"

Mkono wake ukasimama juu ya mihogo. "Na ya Kulwa iko wapi?"

"Ni yetu sote, bibi. Tutagawana."

"Kugawana ni kwa ndugu wa kawaida," akasema. "Mapacha hawagawani. Wanapewa." Halafu akaitazama ile picha kwa karibu. "Fisi huyu? Ana taa? Mayu wane, mama yangu!"

Kulwa yeye aliifurahia kuliko mimi. Tulicheza mpaka macho yakauma. Wiki hiyohiyo akapata homa.

Ilianza kama homa zetu zote, kwa kutetemeka juani, lakini ikapanda haraka. Jioni akaanza kuweweseka. "Zima taa," alikuwa akisema, macho wazi, bila kututazama. "Fisi, zima taa." Baba akambeba mgongoni kumpeleka hospitali, mama akifuata nyuma na thermosi. Bibi hakunilaumu. Alinitazama tu, na ingekuwa heri angenilaumu.

Baba aliporudi kuchukua nguo, nilimsikia akibishana na bibi jikoni.

"Ni malaria, mama. Malaria inaletwa na mbu."

"Nimekubali mbu. Lakini wanalala kitanda kimoja, chandarua kimoja, chenye tundu moja. Mbona mbu amemchagua Kulwa?"

Baba, mwalimu wa sayansi, hakuwa na jibu. Sasa najua jibu liko, na hata yeye alilijua. Alikuwa amechoka na mwanawe yuko kwenye dripu. Lakini mimi niliyekuwa nyuma ya mlango niliuhesabu ule ukimya kama hukumu. Kaka yangu anakufa kwa sababu nimemiliki kitu ambacho kiko kimoja tu.

Nikaenda kwa Mzee Hamisi kuirudisha. Alikuwa ameinamia redio, koleo mdomoni. Akaitoa koleo.

"Zawadi hairudishwi, mwanangu. Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Basi nenda kacheze. Na umwambie Kulwa pole."

Nikamwuliza bibi kama naweza kuitupa ziwani. Akasema kilichotolewa kimeshatolewa, kukitupa hakumpi Kulwa kitu. "Lete cha pili," akasema. Kwake lilikuwa jambo jepesi, kama kuniambia nilete kuni.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta. Nilisimamisha kila mtoto niliyemjua na wengi nisiowajua, nikiuliza kama kuna aliyeona Fisi mwingine popote. Na habari zikawa njema mno. Mtoto wa kinyozi aliapa alicheza Fisi wakati wa likizo Misungwi, kwa binamu zake. Dada mmoja wa dukani alisema mdogo wake aliiazima kwa watoto wa Butimba, karibu na chuo cha ualimu. Mwingine aliiona Igoma hapahapa, lakini zamani, kabla ya Mzee Hamisi kuwa na televisheni. Kwa kipimo chetu Fisi alikuwa mahali pote! Alikuwa wa kila mtu! Nilikaa kwenye kibaraza nikajisikia nimetuliwa gunia la mawe. Kaseti yangu haikuwa na thamani yoyote, na kaka yangu atapona.

Nilimsimulia Neema, binti wa jirani yetu, aliyekuwa na umri kama wetu na ulimi wa mama mkwe. Alikuwa akimenya maharage. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ya Misungwi ilikuwaje?"

"Ya manjano. Imeng'atwa pembeni. Kuna mtoto wao aliota meno nayo."

"Na ya Butimba?"

"Ya manjano." Nikafikiri. "Yule dada alisema ina pengo pembeni, hata mdogo wake aliogopa kwamba watasema ni yeye."

"Na hiyo mfukoni mwako?"

Sikutaka kuitoa. Nikaitoa. Kwenye kona ya chini, chini ya miguu ya fisi, kulikuwa na alama za meno madogo mawili, ambazo nilikuwa nikizipapasa kwa kidole kila siku bila kuziona.

"Doto," akasema Neema, na kwa mara ya kwanza hakucheka, "unaitafuta hiyohiyo yako."

Nimefikiria sana siku hiyo, nikiwa mtu mzima wa kukaa mbele ya skrini nikihesabu kaseti za watu. Kitu kilichoonekana kila mahali kilikuwa kitu kimoja chenye miguu. Kilikuwa kimebadilishwa na kuazimwa kutoka Misungwi hadi Butimba hadi kwenye meza ya Mzee Hamisi, na kila kilipopita kiliacha shahidi. Mashahidi walikuwa wengi, Fisi alikuwa mmoja. Nimewaona wataalamu wenye majedwali wakikosea vivyo hivyo, nao hawakuwa na mgonjwa hospitalini.

Neema ndiye aliyetoa wazo lililobaki. "Kama huwezi kupata Fisi wa pili, mpe Kulwa kingine ambacho nacho ni kimoja tu. Moja kwake, moja kwako. Bibi yako atakataa nini?"

Kwa hiyo nikalivuta kopo kutoka chini ya kitanda cha bibi, nikamwaga kaseti sakafuni, nikaanza kuzihukumu. Nyingi zilikuwa za kila mtu: vifaru, ndege, zile za kuendesha gari. Ya mpira ndiyo ilikuwa ya mwisho kabisa. Gemu za mpira zilikuwa kila nyumba, na yetu, zaidi ya hapo, ilikuwa mbovu. Ukiichomeka ilitoa skrini ya kijivu na mlio kama wa nyuki ndani ya chupa. Tuliipata kama nyongeza kwenye mabadilishano fulani, na tuliitumia kuzuia mlango usigonge. Niliichomoa mlangoni kwa sababu hiyo hasa: nani mwingine ana kaseti ya mpira isiyowaka? Hiyo yenyewe ni aina ya uhaba. Nilikuwa nimefika mahali hapo.

Lakini huwezi kumpa mgonjwa kitu kibovu. Nikachukua spiriti ya baba na pamba, nikasugua yale meno ya shaba ndani ya kaseti mpaka pamba ikatoka nyeusi, nikasugua tena kwa kifutio cha penseli, kama Mzee Hamisi alivyokuwa akifanya. Nikapuliza. Nikachomeka. Kijivu. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka nikiibonyeza kwa dole gumba. Nyuki. Nikaisukuma kidogo upande wa kushoto.

Giza. Kisha nukta moja ya njano katikati ya giza, ikikua. Kisha ule muziki. Na kutoka ndani ya kaseti ya mpira akatoka fisi mwekundu, ameshika taa yake, akanitazama kana kwamba ni mimi niliyechelewa.

Sikupiga kelele. Niliogopa kwamba nikipiga kelele ataondoka. Nilimwita bibi kwa sauti ya chini kama mtu aliyeona nyoka, naye akaja akifuta mikono kwenye kitenge. Nikachomoa, nikachomeka yenye picha ya fisi: fisi. Nikachomoa, nikachomeka yenye picha ya mpira: fisi.

Bibi akainama, akasogeza uso mpaka karibu na kioo.

"Wawili?"

"Wawili, bibi."

"Na huyu wa pili alikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Basi," akasema, na akaenda kutafuta viatu vyake.

Tulitembea mpaka hospitali, kaseti zote mbili zikiwa zimefungwa kwenye pembe ya kitenge chake. Wadini, vile vidudu vya ziwani visivyouma, walikuwa wametanda upande wa ziwani kama moshi, na bibi alitembea akivipiga vidudu hivyo kwa mkono bila kupunguza mwendo. Wodini nilimwona Kulwa kabla hajaniona. Alikuwa amekaa. Sijui kama mtu ambaye si pacha anaweza kuelewa kwamba wiki nzima hiyo mimi nami nilikuwa nimelala chini, na wakati ule ndipo nilipokaa. Alikuwa akila uji, akilalamika kuhusu sukari.

"Homa imeshuka tangu asubuhi," mama akasema, macho mekundu kwa kukesha.

Tangu asubuhi. Fisi wa pili nilimpata baada ya chakula cha mchana. Chuo kikuu niliandika insha ndefu kuhusu imani za mapacha katika jamii zetu, nikatumia maneno magumu, nikapata alama nzuri, na mahali fulani ndani yake niliandika kwamba imani hizi hazijali mfuatano wa matukio. Nilikuwa nikimsema mtoto wa miaka kumi aliyesimama kando ya kitanda cha chuma, ambaye alisikia vizuri neno "asubuhi" na akaamua kutolitia maanani.

Bibi akafungua pembe ya kitenge, akaweka kaseti moja kila upande wa Kulwa. "Mmepewa sawa," akasema.

Kulwa akazitazama. "Hii ya mpira si mbovu?"

"Ndani ni Fisi. Nimesafisha."

"Mimi sitaki yenye mpira. Nataka yenye picha."

Aliyesema alikuwa na mdomo uliopasuka kwa homa na mikono kama vijiti. Angeniomba figo ningempa. Nikamsogezea yenye picha, pamoja na meno yake mawili ya Misungwi, nikachukua ya mpira. Baba, aliyekuwa amesimama dirishani, alimshukuru daktari, akamshukuru Mungu, kisha nikamwona akimkonyeza mama yake, haraka, kama mtu anayelipa nauli mara mbili ili awe na uhakika.

Tangu hapo Kulwa anayo yake, mimi ninayo yangu. Miaka imepita, na uhaba nao umegeuka, kama unavyogeuka siku zote ukipewa muda. Fisi mwenye picha sahihi, yule aliyekuwa mmoja Mwanza nzima, anapatikana kila soko la mitumba la dunia. Kila mtu alimwona wa thamani, kila mtu akamtunza, sasa wamejaa. Kaseti za mpira zilizokuwa kila nyumba zilitupwa zote. Na hii yangu, yenye mpira nje na fisi ndani, ni kosa la mtu mmoja aliyechoka, siku moja, mahali palipobandikwa stika hizo, na yule kijana anaamini halikurudiwa. Amenijulisha pia kwamba yule si fisi. Ni mbwa.

Kulwa alinipigia alipomaliza na mteja wake.

"Haya, homa ya nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo peke yake lilinitia wasiwasi.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe, "mimi nina ya kila mtu, na wewe una ya moja tu."

"Ndiyo."

"Na wewe, mtu na digrii zako, ukanipigia kuuliza kama kichwa kinagonga."

"Kinagonga?"

"Kilikuwa hakigongi mpaka uliponiuliza! Bibi angekuwepo ungelala nje leo." Nikasikia pikipiki ikiwashwa nyuma yake, na mtu akimwita. "Ngoja nifunge duka. Usifanye lolote."

Jioni ikaingia picha kwenye simu yangu. Ilikuwa kaseti yake, ya manjano, imeng'atwa kwenye kona. Juu ya fisi alikuwa amebandika kipande cha karatasi ya daftari, na kwenye karatasi binti yake mdogo alikuwa amechora mchezaji wa mpira kwa kalamu ya bluu, mpira wenyewe kama kiazi, na mguu, sijui kwa bahati au kwa maelekezo, hauna goti. Chini ya picha Kulwa alikuwa ameandika: "Sasa ziko mbili. Lala."

Nikamwandikia yule kijana kumwarifu kwamba nasikitika, imepatikana ya pili. Akajibu papo hapo, akitaka kujua iko wapi, na hali yake ikoje.

Iko Igoma, nikamwandikia. Hali yake ni nzima kabisa.